Paa la Kobe

Siku zote Kobe alikuwa na haraka ya kujikunyata. Ukifungua valvu yake kidogo tu, paa lilishuka kwa mshindo, vikombe vikagongana kabatini. Asubuhi ile ya Molo lilishuka kama mzee anayetafuta kiti gizani.

"Polepole ni poa," Kiprugut alinong'ona. "Haitaamsha majirani."

Tejinder alitaka kusema kwamba haikuwa kawaida yake kushuka hivyo. Lakini umande ulikuwa umegeuka barafu juu ya majani ya viazi, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi juu ya valvu, na ndani ya Kobe, chini ya lile paa lililokuwa likishuka, mke wa Kiprugut alikuwa amelala chali sakafuni na mtoto wao kifuani. Haukuwa wakati wa maswali. Alingoja paa likae, akapanda kwenye usukani.

Kobe lilikuwa jina la utani la pale gerejini tu. Kilikuwa kibanda cha safari cha Kimarekani, kikuukuu kuliko Tejinder mwenyewe, kilichopachikwa mgongoni mwa pikapu. Kilikuwa na nusu mbili, ya juu ikiivaa ya chini kama kifuniko cha sufuria. Ukipiga pampu, jeki nne za mafuta zilizojificha pembeni ziliinua nusu ya juu, ukapata chumba cha mtu kusimama wima, chenye kitanda, meza na jiko. Ukifungua valvu, nusu ya juu ilirudi chini na kuufunika hata mlango, likabaki sanduku fupi la bati ambalo hakuna ambaye angedhani linaweza kumficha mtu. Mwenye kibanda, mzungu mmoja mstaafu wa Naivasha, alikileta kabla ya Krismasi kitengenezwe jeki zilizokuwa zikivuja, kisha akapanda ndege kwenda kuwaona wajukuu. Halafu kura zikapigwa, na nchi ikapasuka.

Kiprugut alikuwa fundi mkuu wa gereji ya baba yake Tejinder. Ndiye aliyemfundisha Tejinder kushika spana kabla hajajua kuandika, na ndiye aliyemcheka kwa upendo siku aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi. Yeye alikuwa Mkalenjin, mkewe Wariara Mkikuyu. Kabla ya Desemba hilo lilikuwa jambo la mizaha ya arusi. Sasa lilikuwa jambo la kufa. Kiprugut alikwama Nakuru, akilala gerejini chini ya meza ya kazi, na Wariara akakwama Molo kwa mama mkwe wake. Yule mama akamficha nyuma ya magunia ya viazi stoo, akampelekea uji ndani ya ndoo ya kunyweshea ndama. Ilikwenda hivyo mpaka juzi, jirani mmoja alipoegemea ua na kuuliza, "Mama, hiyo ndama yako siku hizi inakunywa uji wa wimbi?"

Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Kutoka Molo hadi Elburgon na kuteremka kando ya msitu, barabara ilikuwa mikononi mwa vijana wa upande wa Kiprugut. Huko yeye angekaa mbele, mkewe ajifiche ndani. Chini zaidi, kuelekea Nakuru, barabara ilikuwa mikononi mwa vijana wa upande wa Wariara, waliokuwa wakilipiza. Huko Wariara angekaa mbele na mumewe aingie ndani. Mahali pa kubadilishana palikuwa katikati, kwenye kiwanda kidogo cha mbao kilichofungwa, ambako Kiprugut aliwahi kupasua magogo ujanani. Kupita huko chini bila Wariara mbele hakukuwezekana. Jana walipokuwa wakipanda, Kiprugut akiwa ndani amejikunja, vijana wa kizuizi cha chini walimwambia Tejinder, "Leo enda, Kalasinga. Lakini kesho ukirudi na hii sanduku bila mtu wetu, tutaifungua na moto."

Na Tejinder, aliyekuwa na umri wa kuamini kwamba wema ukipangwa vizuri haushindwi, alikuwa ametengeneza kila kitu mwenyewe. Jeki alizifunga upya, hazikuvuja tone. Kitu kimoja tu kilimpungukia, mafuta ya haidroliki, maana maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa au yamechomwa. Akaenda gurudwara, hekalu la Masingasinga. Jikoni huko, Chachi Deepa, mke wa baba yake mdogo, alikuwa akipika dengu kwa masufuria ya kuogea mtu, kwa ajili ya langar, chakula ambacho hupewa yeyote aingiaye bila kuulizwa jina. Siku hizo waingiao walikuwa hawahesabiki.

"Hii mafuta ni ya kulisha watu," Chachi alisema, akilivuta dumu kifuani.

"Naenda kuleta watu, Chachi."

Alimtazama, akampa. Na Tejinder alijiambia kwamba mafuta ni mafuta; pampu haijui kama yametoka kiwandani au kwenye chapati. Juani pale gerejini paa lilipanda kama mkate unaoumuka. Alijipongeza.

*

Kizuizi cha juu kilikuwa magogo mawili ya mvinje yaliyolazwa barabarani. Vijana walisogea kutoka kwenye moto wao, rungu mikononi, wakipuliza mvuke kama ng'ombe.

"Boss, hii ni nini?" mmoja aliyevaa kabuti la kijeshi aliuliza. "Jeneza ya ndovu?"

Wenzake walicheka. Kiprugut naye alicheka, kicheko ambacho Tejinder hakukitambua ingawa alikuwa amekisikia maisha yake yote.

"Nyumba ya mzungu. Imeharibika, tunarudisha gereji."

"Fungua."

"Si ndio ugonjwa yenyewe? Ingefunguka singeamka na hii baridi."

Yule wa kabuti hakucheka. Alizunguka nyuma. Tejinder alimwona kwenye kioo cha pembeni akigonga bati kwa rungu, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi, kisha akaweka sikio. Mtoto alikuwa na miezi minane. Mtoto wa miezi minane anajua nini kuhusu kunyamaza? Bila kufikiri alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, moshi mweusi ukamfunika yule kijana hadi kiunoni.

"Wee Kalasinga! Unatuchoma mapafu!"

"Samahani, boss! Nikiachilia itazima, na betri imekufa. Mtatusukuma mpaka Nakuru!"

Hapo wakacheka tena, na wawili wakaanza kuvuta gogo. Yule wa kabuti alirudi dirishani kwa Kiprugut, akakohoa, akaongea kwa lugha yao, taratibu, karibu kwa upole. Tejinder hakuelewa neno. Aliona tu mkono wa Kiprugut ukilifinya goti lake mwenyewe mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Amesema nini?" aliuliza walipoiacha kona ya kwanza.

"Amesema ati mama yangu anafuga ndama ndani ya stoo. Wanaenda kumtembelea asubuhi hii, waione." Kiprugut alitoa simu, akaishika mapajani kama yai. "Tulikubaliana na mama. Wakifika, atani-flash, apige na kukata. Mara moja tu."

"Watamfanya nini?"

"Amewazalisha nusu yao, yule mama. Watapiga kelele tu." Akaangalia kioo cha pembeni. "Lakini sisi watatufuata."

*

Kiwandani hapakuwa na mtu. Misumeno ilikuwa imefunikwa maturubai, na nyuma ya banda lundo la unga wa mbao lilikuwa kubwa kama kanisa. Tejinder aliingiza pikapu katikati ya mbao zilizopangwa, barabara isiione. Kiprugut aliruka kabla gari halijasimama, akalichomoa tambara alilokuwa ameziba nalo tundu la bomba la jiko, ili sauti ya mtoto isitoke.

"Wariara!"

Ikatoka sauti ndogo, kavu, "Umechelewa kutoa hiyo nguo. Hapa ndani kuna harufu ya nepi mpaka macho inalia."

Kiprugut aliegemeza paji la uso kwenye bati. "Cherono?"

"Alinyonya mpaka akalala. Walipogonga aliamka akanitazama tu. Fungueni, baba Cherono, mgongo wangu umekwisha."

Tejinder alikuwa tayari amefunga valvu na kuchomeka mpini wa pampu. Akasukuma. Mpini haukwenda. Akasukuma kwa mikono miwili, akauegemea kwa uzito wake wote, miguu ikiteleza kwenye unga wa mbao. Ilikuwa kama kusukuma ukuta.

Alijilazimisha kufikiri. Mafuta yakipungua, mpini hulegea, unapiga bure. Hewa ikiingia kwenye paipu, mpini hudunda kama pedeli ya breki mbovu. Huu haukulegea wala kudunda. Kulikuwa na kitu kimeziba. Alijitupa chini ya gari, akafuata paipu kwa vidole toka kwenye pampu hadi kila pembe, akitafuta mahali ambapo jiwe la barabarani lingekuwa limeibonyeza. Paipu ilikuwa nzima. Alifungua valvu, akaifunga, akaifungua tena. Nzima.

"Teji," Kiprugut aliita kwa sauti ya mtu anayejizuia asipige kelele. "Shida ni nini?"

"Ngoja."

"Ngoja mpaka lini?"

Alichukua spana, akalegeza nati ya paipu karibu na pampu, akakwepesha uso ili mafuta yasimrukie. Hayakuruka. Alilegeza zaidi. Kitu cheupe kikachungulia kwenye mdomo wa paipu, kizito, kama samli kwenye kopo la Chachi Deepa.

Alikaa pale chini, akakitazama, na kila kitu kikamfungukia: lile paa lililoshuka kama mzee, barafu kwenye majani ya viazi, usiku mzima Kobe akilala nje kwenye baridi ya Molo.

"Kip," alisema. "Ni mimi. Yameganda. Niliweka mafuta ya langar."

"Ya nini?"

"Ya kupikia."

Kiprugut alichuchumaa, akamtazama chini ya gari kwa muda. "Teji. Huku juu chupa ya mafuta hulala kando ya jiko kama paka. Hata mtoto anajua. Mbona hukuniuliza?"

"Mimi ni mtu wa Nakuru," Tejinder alisema, na machozi yakamtoka kwa namna ya kijinga kabisa.

Simu ililia. Mara moja, ikakatika.

Kunguru mmoja alitembea juu ya mabati ya banda, kwata, kwata. Kiprugut aliirudisha simu mfukoni, akasimama, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya fundi mkuu anayegawa kazi.

"Basi wewe endesha. Wapeleke hivyo hivyo. Mimi nitapita msituni."

"Vijana wa chini watachoma gari, Kip, wamesema. Na wale wa juu wakikupata msituni saa hizi, baada ya kuona stoo..."

"Sasa unataka nifanye nini? Nikae niangalie?"

"Nawasikia," sauti ya Wariara ilitoka kwenye tundu. "Mimi si nyama ya arusi mnigawe hivyo. Hayo mafuta yameganda, si yameganda tu? Yeyusheni."

"Tukiwasha moto, moshi utaonekana," mumewe alisema, na papo hapo akageuka. Tejinder alifuata macho yake. Juu ya lile lundo la unga wa mbao uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukipanda, taratibu, kama ulivyopanda labda tangu mwaka jana.

"Hiyo huungua ndani kwa ndani," Kiprugut alisema. "Haizimiki. Tulikuwa tunachoma viazi humo. Leta magunia!"

Walichimba kwa ubao. Juu palikuwa na baridi, chini yake pakawa vuguvugu, chini zaidi unga ulikuwa wa kahawia na moto wa kushikika kwa shida. Waliuzoa kabla ya kufikia penye makaa, wakaujaza kwenye magunia, wakayafunga kwenye pampu na kuyabana chini ya sakafu kufuata paipu kutoka pembe hadi pembe. Mikono ya Tejinder ilitoka malengelenge. Hakuyahisi mpaka kesho yake.

Wakasikia lori.

Lilikuwa likiteremka kutoka Elburgon, na juu yake watu walikuwa wakiimba. Haukuwa wimbo wa kanisani. Lilipofika usawa wa kiwanda likapunguza mwendo, na ndani ya Kobe, Cherono, aliyekuwa amevumilia rungu na giza, akaamua kwamba sasa yatosha. Akalia kwa mapafu yake yote.

Kiprugut alinyakua nyundo, akakimbilia msumeno mmoja mkuukuu uliotundikwa bandani, akaupiga. Sauti yake ilipasua bonde. Akapiga tena na tena, akiimba kwa sauti mbaya kuliko zote duniani, kama fundi aliyelewa asubuhi.

"Fundi!" mtu alipaza sauti kutoka kwenye lori. "Kwani wewe huna kura ya kulilia?"

"Kura haijanilipia unga!" Kiprugut alijibu huku akipiga.

Walicheka huko juu. Gia ikaingia kwa mkwaruzo, lori likajivuta kwenda zake. Kiprugut aliendelea kupiga ule msumeno hata mlio wa injini ulipopotea, mpaka Tejinder akaenda akamshika mkono.

Kisha Tejinder akarudi kwenye mpini. Safari hii ulikwenda. Kidogo, kwa uzito, kama kukoroga ugali, lakini ulikwenda. Ukingo wa paa ukatetemeka, ukaachana na nusu ya chini, upana wa kidole, upana wa kiganja.

"Inapanda!" Wariara alisema. "Naona mwanga! Ngoja, ngoja. Inaenda upande."

Pembe tatu zilikuwa zimepanda. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikuwa bado imelala, na paa lilikuwa limeinama na kuukwamisha mlango. Magunia hayakuifikia jeki yenyewe. Ilikuwa ndani, kwenye kona ya kabati.

"Wariara," Tejinder aliita kwenye tundu, "nyuma ya kichwa chako kuna kabati. Fungua. Kuna chuma kama bomba. Unaigusa?"

"Ni baridi kama maiti."

"Una kitu chochote cha moto?"

"Chupa ya chai. Mama alinipa."

"Lowesha shuka, uizungushe hapo. Chai yote."

"Chai ya mama yote?" aliuliza, na Tejinder aliisikia sauti yake ikivunjika kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kwa ajili ya chai. Kisha akasikia maji yakimwagika, na harufu ya majani ikatoka kwenye tundu, na Wariara akisema kwa pumzi fupi, "Nimeikumbatia. Piga."

Alipiga. Chuma kililalamika. Pembe ya nne ikajiinua kwa kishindo, ikazifikia nyingine, na paa likapanda mpaka mlango ukafunguka. Mtoto akatoka kwanza, mikononi mwa baba yake, kisha mama mtu, kifua chote kimelowa chai, nywele zimejaa vumbi.

Hawakukumbatiana, muda haukuwapo. Kiprugut alibusu kisigino cha mtoto. "Huko chini mimi si mtu wako," alimwambia mkewe. "Usiseme jina langu hata ukiulizwa."

"Na ukipiga chafya?"

"Sema ni jini ya mzungu."

Aliingia, akalala pale pale alipokuwa amelala mkewe. Tejinder akafungua valvu. Paa likamfunika.

*

Kizuizi cha chini kilikuwa cha matairi yanayowaka na mawe. Jua lilikuwa limekwisha kupanda na kuuma. Vijana walikuwa wengi kuliko jana, na kimya kuliko jana, na Tejinder alielewa kwamba kimya kile ndicho kibaya. Mapanga yalining'inia mikononi, mipini yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Walimtazama Wariara. Mmoja mwenye macho mekundu akamsalimia kwa Kikuyu, naye akajibu. Tejinder, mtoto wa mtaa wa Nakuru, alielewa kiasi cha kutosha kuogopa zaidi.

Katoka wapi? Molo. Nyumba yao? Wamefukuzwa. Mtoto anaitwa nani?

Hilo hawakuwa wamelipanga. Cherono ni jina linalosema ukoo wa baba yake wazi kama bango. Tejinder aliitazama barabara mbele bila kuiona.

"Nyambura," Wariara alisema, jina la mama yake mzazi, bila kigugumizi.

"Na baba yake?"

Hapo midomo yake ikaanza kutetemeka, na si kwa kuigiza. "Amefungiwa mahali. Sijui hata kama anapumua."

Yule mwenye macho mekundu alipiga mlango wa pikapu kwa kiganja kwa hasira. "Unaona?" aliwaambia wenzake. "Unaona wanachofanya?" Kisha kwa Tejinder, kwa Kiswahili, "Na hii imebeba nini?"

"Vitu vya huyu mama. Magodoro, vyombo."

"Fungua tuone."

"Imekwama."

"Jana pia ilikuwa imekwama? Shuka. Fungua."

Tejinder alishuka. Alizunguka nyuma akiwa na kundi zima mgongoni, akainama kwenye pampu, na kwa kidole gumba, chini ya kiganja, alithibitisha kwamba valvu ilikuwa imelegea vile vile alivyoiacha. Ikikaa hivyo, mafuta yangezunguka na kurudi tangini bila kuinua kitu. Ilitosha mtu aikaze nusu mzunguko, na jua lile lingefanya mengine yote.

Akachomeka mpini, akapiga. Kile alichokuwa amekiomba alfajiri yote sasa alikiomba kinyume chake. Usipande. Kobe, usitoe kichwa. Mpini ulikwenda juu na chini, mwepesi, na paa halikutikisika.

"Mbona inanuka chipsi?" mtu aliuliza, na wachache wakacheka.

"Lete mimi," kijana mmoja alisema, akamsukuma kando kwa bega. Alivaa ovaroli iliyokuwa ya bluu zamani, na kucha zake zilikuwa nyeusi kama za Tejinder. Fundi. Alipiga mpini mara kadhaa, akasimama. Akainama. Mkono wake ukafuata paipu, ukafika kwenye tangi, ukarudi, ukakuta valvu.

Tejinder aliona vidole vile viwili vikiishika. Aliona vikiigeuza kidogo, tiki, na kuhisi jinsi ilivyo huru. Yule kijana aliinua macho, akamtazama. Kisha akatazama mbele, dirishani, ambako Wariara alikuwa amegeuka nyuma na mtoto begani. Kifua chake kilikuwa bado kimelowa, na mtoto alikuwa akinyonya ngumi yake.

Ndani ya bati kitu kilisogea. Kidogo sana. Labda Tejinder peke yake ndiye aliyesikia.

Yule kijana akairudisha valvu ilipokuwa. Akajipangusa mikono kwenye ovaroli.

"Imekufa hii," aliwaambia wenzake. "Hizi za zamani zikichoka zimechoka. Wacha mathe apeleke mtoto, jua ni kali."

"Una uhakika?"

"Nani fundi hapa, mimi ama wewe?"

Jiwe likasogezwa, kisha lingine. Tejinder aliendesha akiangalia kioo cha pembeni mpaka ovaroli ile ikawa nukta. Hakuwahi kulijua jina la yule kijana. Kwa miaka mingi baadaye, kila alipokutana na ovaroli ya bluu mtaani, alipunguza mwendo.

*

Gerejini, Nakuru, paa lilipanda kwa ulaini wa kumkasirisha mtu. Kiprugut alitoka akiwa ametota jasho, akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu, na Wariara akamkalia karibu mpaka wakawa kama kitu kimoja. Baada ya muda simu ililia mara moja ikakatika, kisha ikalia tena mara moja ikakatika. Kiprugut aliiangalia namba, akafunika uso kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa hai, na alikuwa bado na salio la ku-flash.

Jioni Tejinder aliwapeleka gurudwara, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka. Alimfunga Kiprugut leso kichwani, wakavua viatu, wakaketi sakafuni kwenye mstari mrefu wa watu, wa kila upande, wengine wana bandeji. Kiprugut aliwaangalia wa kulia kwake na wa kushoto kwake, akashusha macho. Mwezi mzima kila aliyekutana naye alikuwa amemuuliza kitu kimoja. Kwa hiyo Chachi Deepa alipofika mbele yake na kikapu, alijinyoosha kama mtu aliyesimamishwa barabarani, akaanza mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Mimi naitwa..."

"Chapati ngapi?" Chachi alisema. "Sema upesi, mwanangu, mstari ni mrefu."